"Mama, mwambie baba aje tuongee": pikapu yangu, turbo na gereji iliyonifundisha hasira

Nianze na sentensi yenyewe, maana hadi leo ikinijia nikiwa jikoni natupa mwiko.

"Mama, mwambie baba aje tuongee, haya mambo ya turbo ni mazito."

Nimeambiwa hivyo na bosi wa gereji moja hapa Arusha, mbele ya mafundi wake na mbele ya muuza karanga, ufunguo ukiwa mkononi mwangu na kadi ya gari ina jina langu. Baba mwenyewe hata upepo wa tairi anaangaliziwa. Pikapu nimeinunua mimi, kwa vitunguu vya Mang'ola, gunia kwa gunia.

Ugonjwa ulijitokeza kwenye kile kilima cha Mto wa Mbu, wanaokwenda Karatu wanakijua. Nilikuwa nafuata mzigo, kwa hiyo nyuma kulikuwa na turubai na kamba tu. Gia ya pili, mafuta nimekanyaga hadi mwisho, na pikapu inapanda kama bibi anayetoka kisimani. Taa ya injini ikawaka, nyuma moshi mweusi tii. Lori la saruji likanipita. Utingo akatoa kichwa dirishani, akanipungia mkono kwa huruma. Lori limejaa saruji, mimi sina hata kitunguu kimoja, halafu napungiwa mkono!

Sasa gereji. Niseme ukweli, mashine yao ya kupimia ni nzuri, na walipoichomeka haikudanganya: P0299, yaani presha ya turbo, ile feni inayosukumia injini hewa, iko chini kuliko injini inavyotaka. Basi. Hiyo namba haisemi turbo imekufa, inasema upepo haufiki. Maji yakitoka kiduchu bombani kwako, unakimbilia kununua tangi jipya? Si unaangalia mpira kwanza? Lakini bosi hata boneti hajafungua akatangaza: turbo imekwisha, anayo ya mtumba, milioni mbili na laki nne, na hapo ananifanyia kama dada yake. Nikamuuliza amejuaje. Ndipo ikaja ile sentensi.

Turbo nilikataa. Sensa, kile kidude kinachopima presha ya hewa, sikukataa, na hapo najilaumu mwenyewe. Alinionyesha kwenye kioo cha mashine, swichi imewashwa, injini imezimwa, sensa ya presha inasoma 86, kwa kilopaskali. "Unaona? Ilitakiwa isome 100. Imekufa hii." Nikatoa laki moja na themanini. Ikaletwa mpya, ikafungwa, tukasogea wote kutazama.

86.

Kimya. Dogo mmoja akaanza kucheka, akajifanya anakohoa. Bosi akaichomoa, akaipuliza, akairudisha. 86. "Hii nayo feki," akasema. Na feki kaiuza nani, jamani?

Nikawasha gari na hasira zangu, nikateremka taratibu mpaka Moshi, nikitoa moshi njia nzima (msinitanie, hilo la moshi kwenda Moshi nimeshataniwa la kutosha). Shemeji alikuwa amenielekeza kwa mzee mmoja anayefanya kazi chini ya mwembe. Bango hana. Ana kidude kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, anasomea kwenye simu iliyopasuka kioo.

Nikamwamkia, nikamsimulia habari ya sensa. Akawasha swichi, ikasoma 92. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Mama, hiyo sensa haijaumwa hata siku moja. Injini ikiwa imezimwa, inasoma hewa ya pale ulipo. Dar baharini itakupa 101. Nyie Arusha mko juu, mita 1,400, hewa yenu nyepesi, lazima isome 86. Hapa umeshuka, ndiyo hiyo 92."

Yaani sensa ilikuwa inasema kweli tupu, ikafukuzwa kazi.

Halafu mzee akafanya kile ambacho wenye mashine hawakukifanya: aliishika gari. Alifungua mpira unaoingiza hewa kwenye turbo, akatia vidole viwili, akazungusha feni yake. Laini. Akaitikisa: pembeni ina mchezo kidogo sana, kwenda mbele na nyuma haina. "Turbo nzima." Akachukua pampu ya mkono, akanyonya upepo kwenye kile kikopo cha ubavuni mwa turbo, fimbo yake ikasogea na kurudi bila kukwama. Kisha akaziba mdomo wa turbo kwa kopo alilolitoboa na kulifunga vali ya tairi, akaingiza upepo wa kompresa kidogo tu, akaomba sabuni ya unga na maji.

Alianza kupaka povu kwa brashi ya rangi. Juu hamna kitu. Kwenye viungo hamna kitu. Akatandika boksi, akalala chini ya gari, akapaka mpira wa intakula, ile ya kupoza hewa inayotoka kwenye turbo, pale unapokunja kona. Povu likafura kama maandazi kwenye mafuta. Akaniita niiname nijionee. Ufa wa urefu wa kidole, umelowa oili iliyoshika vumbi. Alipokata upepo ukafumba midomo, nikautafuta kwa tochi nisiuone. Ndivyo ulivyokuwa unatudanganya. Gari ikinguruma tu imesimama, hauvuji. Ukikanyaga mlimani unafunguka, na ule upepo ambao injini imeshauhesabu unatorokea hapo, dizeli inabaki haina hewa ya kutosha kuiunguza. Moshi mweusi wangu ndio huo. Mpira wa mtumba, klipu mbili na ufundi: elfu sabini. Na muda wote huo hakuna aliyeniuliza baba yuko wapi.

Kurudi, kuanzia Kikatiti kupandisha Usa River, turbo ilikuwa inapiga mluzi. Kwenye simu ya kijana wangu ile namba ya sensa ya presha, ambayo nikikanyaga ilikuwa haivuki 130, ikapanda hadi mia mbili na kitu. Nilizipita Noah mbili bila sababu yoyote ya msingi. Hukumu nikawa nimeshaiandika kichwani: gereji ya Arusha nyota sifuri, mzee wa Moshi nyota tano na kreti ya soda Krismasi.

Sasa sikilizeni. Haukupita muda mrefu, niko Tengeru, gunia nane nyuma, PAA! Nikadhani tairi. Kumbe mpira wa mzee umechomoka mzima mzima. Klipu alizofunga ni zile nyembamba za mipira ya maji, za kukaza kwa bisibisi, na presha ya turbo haitaki mzaha wa hivyo. Namba yake haipatikani. Nikampigia yule dogo wa kule gereji, aliyekohoa. Namba yake nadhani niliichukua ili nije nimtukane nikipata nafasi.

Alikuja kwa bodaboda, spana namba 10 mkononi, klipu pana za bolti mfukoni. "Shikamoo mama." Dakika kumi. Nikampa elfu ishirini, akachukua tano ya boda, nyingine akanirudishia, akaniomba nisimwambie bosi.

Sasa hapo nyota ngapi? Gereji ina mashine, ina na mtu. Hata breki zangu mwaka jana walizifunga vizuri, sina la kuficha. Ukienda, muulizie dogo mwembamba mwenye... hapana, nisije nikamharibia kazi. Nendeni, ila bosi akiwa ametoka kula. Au msiende. Mimi siendi.

Ingawa itabidi niende mara moja. Sensa yangu ya kwanza, nzima kabisa, bado iko kwenye droo yao, na hii ya laki na themanini nataka warudishiwe, nami nirudishiwe changu. Juzi nimempigia bosi, kwa adabu zote, nikamweleza habari ya mita 1,400 na Dar baharini. Akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza.

"Sawa mama," akasema. "Mwambie baba apite aichukue."