Uzoefu wangu na HYDRUS-1D: bakteria wa chooni katika mchanga wa Wanseko

Nilianza kuitumia HYDRUS-1D, programu ya kompyuta inayokadiria mwendo wa maji na vilivyomo ndani yake katika udongo, kwa ajili ya swali moja tu: bakteria wanaotoka katika choo cha shimo husafiri umbali gani ndani ya mchanga wa ufukwe wa Ziwa Albert kabla ya kufika kisimani? Huku Wanseko, Uganda, vyoo na visima vifupi vinabanana kwa sababu mwalo ni mwembamba, na ule umbali wa mita 30 unaotajwa katika viwango vya Sphere, vya kimataifa vya misaada ya dharura, ni vigumu kuupata. Mimi ni fundi wa maji, si mwanahisabati, na tathmini hii isomwe hivyo.

Programu ni ya bure, hufanya kazi kwenye Windows, na baada ya kupakuliwa haidai intaneti, jambo ambalo kwetu si dogo. Imetayarishwa kwa ajili ya maji na kemikali katika udongo, lakini ina sehemu ya chembe ndogo kama virusi na bakteria, ambamo chembe hunata kwenye punje za mchanga na baadhi yake huachia tena. Kujaza vipimo vya maji hakukunisumbua. Kwa upenyevu (wepesi wa mchanga kupitisha maji) wa mita 10 kwa siku, mteremko wa maji ya ardhini wa 0.005 na uwazi (sehemu ya mchanga iliyo nafasi tupu) wa 0.35, maji husogea takriban sentimita 14 kwa siku, yaani mita 7 hivi kwa siku 50.

Kazi ngumu iko kwenye kigawo cha kunata, yaani namba inayoonyesha bakteria hunata kwa wepesi gani. Bakteria hupungua kwa kipeo kadiri wanavyosonga mbele, yaani kila mita huondoa sehemu ileile ya waliobaki, kwa hiyo kosa dogo la kigawo huwa kosa kubwa la matokeo. Tuseme wanaanza milioni moja: kigawo cha umbali kikiwa 0.5 kwa kila mita, baada ya mita 10 wanabaki kama 6,700. Kikiwa 1, wanabaki 45. Programu itakuchorea mikunjo yote miwili kwa unadhifu uleule, na hapo ndipo mtu anaweza kujidanganya.

Mimi nilijidanganya. Nilijaza mchanga wa hapa katika bomba la plastiki, nikapitisha kwanza maji ya chumvi ili nijue kasi, kisha maji yenye bakteria, nikapata kigawo cha kunata kwa kila siku (si kwa kila mita) na kukinakili moja kwa moja kwenye modeli. Kisima kilionekana salama kabisa. Nilichosahau ni kwamba ndani ya bomba maji yalikwenda kasi mara nyingi kuliko ardhini, na kigawo cha aina hiyo hupungua kasi inapopungua. Nilikuwa nimeupa mchanga uwezo wa kuchuja ambao hauna. Dawa ilikuwamo ndani ya programu yenyewe: kuna chaguo la nadharia ya uchujaji, ambapo unaingiza kipenyo cha punje, kipenyo cha bakteria na uwezekano wa kunata kila wanapogusana, nayo hukokotoa kigawo kwa kasi iliyopo. Bomba sasa nalitumia kutafuta uwezekano huo wa kunata tu, na ninashauri wengine wafanye hivyo.

Hata huo uwezekano haudumu. Punje zenye kutu ya chuma huwavuta bakteria, ambao kwa kawaida wana chaji hasi, lakini uchafu wa chooni huifunika kutu hiyo taratibu; mchanga safi wa bombani si mchanga uliokaa miaka chini ya choo. Kwa hiyo huendesha modeli mara mbili, mara ya pili nikiupunguza uwezekano huo hadi moja ya kumi.

Upungufu ninaouona ni ule uliomo katika jina lenyewe, kwani 1D ni upande mmoja: toleo hili hufuata mstari mmoja tu, na la pande mbili au tatu hulipiwa. Kisima chenye pampu huvuta maji kutoka pande zote, na kadiri yanavyokikaribia ndivyo yanavyoongeza kasi. Kwa visima vya ndoo na kamba, ambavyo ndivyo vingi hapa, mstari mmoja unanitosha. Palipo na pampu ya mkono inayochotwa kutwa nzima, siuamini tena.