Ziara ya kaburi la Bernadotte, Stockholm: nyota tatu

Nilibakiwa na siku moja Stockholm, nikalipia ziara ya kutembea kwa miguu inayoishia kanisa la Riddarholmen, walikozikwa wafalme wa Sweden. Mimi nilimfuata mtu mmoja tu: Jean-Baptiste Bernadotte, jenerali wa Kifaransa aliyefia kwenye kiti cha ufalme wa watu wengine.

Mwongozaji ana sauti nzuri na anajibu maswali bila kuchoka. Ila nusu saa nzima iliishia kwenye magauni na karamu za ikulu, halafu miaka 30 ya uaskari ikapitwa kama kituo kisicho na abiria. Jamani! Huyu mtoto wa mwanasheria wa Pau aliingia jeshini 1780 akiwa askari wa kawaida. Hakuwa wa ukoo bora, kwa hiyo miaka minane baadaye bado hajanusa cheo cha afisa. Mapinduzi ya Ufaransa yakaja, na kufikia 1794 tayari ni jenerali. Mwaka 1804 Napoleon akamfanya marshali, cheo cha juu kabisa jeshini. Oktoba 14, 1806 kidogo aumbuke: Wafaransa walipigana na Waprusi huko Jena na Auerstedt, Ujerumani, siku moja, na kikosi chake hakikuonekana kwenye hata pigano moja. Napoleon aliwaka. Bahati nilikuwa nimeyasoma nyumbani, maana kwenye ziara hayakutajwa kabisa.

Badala yake tukauziwa ile hadithi ya tatuu ya "Kifo kwa wafalme", eti alikuwa nayo mwilini. Mzee mmoja akauliza ushahidi uko wapi. Mwongozaji akacheka, tukasonga mbele.

Mwongozaji alipopatia ni Lübeck, mji wa Ujerumani. Novemba ileile ya 1806 Bernadotte aliwateka wanajeshi wa Sweden mjini humo, akawatendea kiungwana, nao wakarudi kwao wakimsifu. Mwaka 1810 mfalme wao mzee hana mrithi, wanatafuta mtu, na jina la mtekaji wao si geni masikioni, basi wakamchagua yeye. Tulisimuliwa haya mbele ya jeneza lenyewe, la jiwe la porfiri kutoka Älvdalen, zito, rangi ya maini, limesuguliwa mpaka linang'aa. Hapo nilisahau hela yangu.

Vita vya Leipzig 1813, alipokuwa upande wa Sweden akawapiga Wafaransa wenzake wa jana? Sentensi moja.

Mama mmoja aliuliza alitawalaje, 1818 hadi 1844, bila kukimudu Kiswidi. Jibu: Kifaransa na wakalimani.

Ukienda, beba sweta. Humo ndani kuna baridi hata kiangazi.