Nyaya ghali za spika: uzoefu wangu wa miezi 6 Raskazoni, Tanga

Jozi niliyoijaribu ni ya mita 3, shaba ya milimita 4 za mraba, imesukwa kama ukili, na vichwa vyake vimepakwa dhahabu. Bei yake ilizidi ya amplifaya iliyofungwa nayo. Niliishindanisha na waya wa kawaida wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, ule mwekundu na mweusi unaokatwa kwa mita kwenye maduka ya Ngamiani. Kwa sikio, sikupata tofauti yoyote.

Jaribio lenyewe lilikwenda hivi. Msaidizi anarusha sarafu, anafunga waya mmojawapo nyuma ya pazia, na msikilizaji haambiwi ni upi. Kabla ya hapo sauti zisawazishwe: piga mlio wa 100 Hz, pima volti kwenye pini za spika, si kwenye amplifaya, na tofauti isizidi asilimia 1. Ukiiruka hatua hii umepoteza muda wako, kwa sababu sauti iliyopanda kidogo tu sikio huipokea kama sauti nzuri zaidi. Raundi ziwe 16. Anayebahatisha hupata kama 8, na chini ya 12 huna cha kudai. Nilipata 9. Nilitumia taarabu ya zamani yenye kanuni (ile ala ya nyuzi) na fidla, maana nyuzi za kanuni zikidonolewa, twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) iliyofifia hujulikana mara moja. Muuzaji alisema waya unahitaji saa 200 za kuzoea. Zilipita, nikarudia, hali ikawa ileile.

Hesabu inaeleza kwa nini. Shaba ya milimita 1 ya mraba ina ukinzani, yaani kiasi cha kuzuia umeme, wa karibu omu 0.017 kwa kila mita, na umeme huenda na kurudi, kwa hiyo mita 3 ni mita 6. Waya wa 2.5 unatoa omu 0.04, wa 4 unatoa 0.026. Mbele ya spika ya omu 8 hicho si kitu.

Umbali ndio unaobadilisha mambo. Kwenye ukumbi wa harusi, mita 20 za waya mwembamba wa 0.75 ni omu 0.9 kwenda na kurudi. Spika ya omu 4 hapo inapoteza theluthi moja ya nguvu, na besi inalegea. Kanuni ninayoishika ni kwamba ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya omu za spika. Kwa mita 20 na spika ya omu 4, basi, milimita 4 ni lazima, ila iwe shaba ya kawaida.

Iwe shaba kweli, lakini. Nyaya nyingi zinazouzwa kama shaba ni alumini iliyopakwa shaba, na ukinzani wake ni kama mara 1 na nusu. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, rudisha. Hata mkononi utausikia mwepesi kupita kiasi. Multimita (kipimio cha umeme) ya kawaida haitakusaidia sana hapa, kwa sababu vipimo vya chini ya omu 0.2 humezwa na ukinzani wa nyaya zake yenyewe.

Sasa nije kwenye kitu kinachoharibu sauti Tanga kweli: hewa ya chumvi. Baada ya miezi 6 nilifungua vile vichwa vya dhahabu. Nje viling'aa kama siku ya kwanza. Ndani, skrubu ndogo inayobana waya ilikuwa imeshika kutu, na nyuzi za shaba zilikuwa na unga wa kijani hadi sentimita 1 ndani ya ganda. Dhahabu haishiki kutu, ni kweli, lakini haikugusa mahali palipooza. Spika ilikuwa imeanza kukwaruza kila besi ilipopiga, na mtu angeweza kudhani wufa (spika ya besi) imekufa.

Dawa yake ni koleo. Kata waya sentimita 2 au 3, endelea kukata mpaka uone shaba nyekundu safi, menya sentimita 1 na sokota nyuzi zote pamoja. Uzi mmoja ukichomoza na kugusa pini ya pili, amplifaya inaweza kuungua. Usipake risasi ya kulehemu kwenye ncha inayobanwa na skrubu: risasi ni laini, hubonyea polepole, na baada ya wiki kadhaa skrubu inalegea. Bana kwa kichwa cha shaba cha kuminya, kaza, kisha paka vaselini kidogo juu ya kiungo, si ndani yake.

Mvumo wa 50 Hz unaosikika ukiunganisha kompyuta na mikseri hautibiwi na waya ghali. Chomeka vifaa vyote kwenye soketi moja. Ukibaki, weka transfoma ya kutenganisha kwenye njia ya sauti. Waya wa ardhi wa plagi usiukate kamwe, mtu atakufa.

Jozi ile nimeivua. Zimebaki mita 3 za waya wa Ngamiani, na kila kaskazi inapoisha nafungua viungo, nakata ncha, nakaza upya.