Uzoefu wangu: kumchanja Omena kabla ya safari ya Ujerumani

Kliniki hii ya wanyama niliiamini siku walipokataa kumchanja mbwa wangu, Omena. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya nusu siku kazini, nimetoka naye mtaa wa Kondele, Kisumu, kwa tuktuk na kulipa nauli ya watu wawili kwa sababu dereva alisema mbwa naye ni abiria. Daktari akampima joto, akafunua mdomo kuangalia fizi, akaniambia, "Huyu leo simdungi."

Omena ni jike wa miaka saba, mbwa wa kienyeji aliyechanganyika na kitu chenye miguu mifupi. Jina alipewa kwa wembamba wake, na pia kwa sababu hajawahi kuikosa harufu ya omena, yaani dagaa, ikikaangwa, hata kwa jirani. Mimi ni muuguzi, nimepata kazi Ujerumani, na sikuwa na mtu wa kumwachia. Shangazi yangu wa Ahero alisema yeye ana kuku, kwa hiyo tusianze hayo mazungumzo.

Taabu yetu ilianza mwaka juzi. Alichanjwa bure mtaani kwenye kampeni ya kichaa cha mbwa. Kisumu ni kati ya kaunti zilizochaguliwa kwa majaribio katika mpango wa taifa wa kuutokomeza ugonjwa huo ifikapo 2030, na kusema kweli ni jambo zuri. Ila kwa Omena, hata nusu saa haikuisha. Uso ulivimba, macho yakabaki mistari miwili, akatapika mara tatu kwenye veranda. Aliokolewa kwa sindano, nami nikaapa hatachanjwa tena.

Nikajifariji kwamba kadi ya siku ile ingenitosha. Wapi! Umoja wa Ulaya unataka mnyama awekwe chipu kwanza, kile kidude cha utambulisho chini ya ngozi, au siku ileile ya chanjo lakini kabla ya sindano. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi, hata kadi iwe na mihuri kumi. Niliuliza kama barua ya daktari kuhusu mzio wake ingesaidia. Haisaidii. Ama achanjwe upya, ama abaki.

Siku hiyo ya kwanza joto lake lilikuwa 40.1, na mbwa mzima haifai apite sana 39. Fizi zilikuwa zimepauka kama karatasi. Daktari alichukua tone la damu, akaliweka chini ya hadubini, akaniita nitazame mwenyewe: ndani ya chembe nyekundu kulikuwa na vidoa viwili vimekaa pamoja kama mbegu za peasi. Homa ya kupe. Nami nilidhani anachoka kwa sababu ya jua la Januari!

Alinieleza kwamba mwili unaopigana na homa huenda usijenge kinga ya kutosha, na Omena angetakiwa baadaye kupimwa damu ili kinga hiyo ionekane kwenye karatasi. Isitoshe, akivimba au kutapika, tungejuaje ni mzio au ni ugonjwa? Angeweza kumchanja, achukue pesa yangu, anitakie safari njema. Badala yake alimtibu na kuniambia nirudi baada ya wiki tatu. Nilikasirika kwa sababu kalenda yangu ilikuwa finyu, lakini kasirani hiyo iliisha njiani, haikufika hata soko la Kibuye.

Tuliporudi nilifanya jambo ambalo labda ni la kiuuguzi tu: niliomba kuona friji ya chanjo. Kipimajoto kilikuwa ndani, kinasoma nyuzi 5, na karatasi ya kurekodi joto asubuhi na jioni ilikuwa imebandikwa mlangoni. Hakukuwa na soda wala chakula cha mtu. Nimefanya kazi mahali ambapo chanjo za watoto zinalala karibu na maziwa ya chai, kwa hiyo hilo nililitia moyoni.

Daktari alianza kwa dawa ya kuzuia mzio, tukangoja. Kisha chipu, iliyoingizwa kati ya mabega kwa sindano nene iliyoniuma mimi kuliko yeye. Akapitisha mashine ya kusoma, namba 15 zikatokea, akazisoma kwa sauti huku nikizifuata kwenye stika. Ndipo ikaja chanjo ya kichaa cha mbwa peke yake. Zile nyingine alisema zitasubiri, maana hakutaka tubahatishe ni ipi imemdhuru. Pembeni, kwenye sahani ya chuma, kulikuwa na bomba la sindano lenye adrenalini, dawa ya kumwokoa mzio ukizidi, limeshajazwa na kuandikwa uzito wa Omena: kilo 9.

Tulikaa saa tatu kwenye viti vya plastiki. Mzee mmoja aliyeleta mbuzi kutoka Kano, upande wa Ahero, aliuliza huyu mbwa mdogo anaumwa nini. Nikamwambia anaenda Ulaya. Akamtazama Omena, akamtazama mbuzi wake, akasema, "Na sisi tunarudi Ahero." Kila nusu saa msaidizi alikuja kuangalia masikio, midomo na kupumua. Kope moja ilivimba kidogo, ikaishia hapo.

Sasa malalamiko. Bei niliyoambiwa kwa simu haikuwa na gharama ya chipu, na hilo nililijua nikiwa kaunta. Pia fomu ya maabara. Nilirudi kutolewa damu ile ya kupima kinga, ambayo lazima ichukuliwe si chini ya siku 30 baada ya chanjo na ipimwe kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya. Dada wa mapokezi, ambaye ni mkarimu sana na huniita Min Omena, yaani mama Omena kwa Kijaluo, aligeuza tarakimu mbili za chipu. Niliona kwa bahati tu. Fomu ingeondoka hivyo, majibu yangekuwa ya mbwa mwingine. Wanaposafirisha damu kwa pesa zaidi ya elfu thelathini, natarajia mtu wa pili asome fomu hiyo.

Majibu yalirudi juu ya kiwango kinachotakiwa, uniti 0.5 kwa mililita. Kuanzia siku damu ilipotolewa lazima ipite miezi mitatu kabla ya kuingia Ulaya, kwa sababu Kenya haimo kwenye orodha ya nchi zinazosamehewa subira hiyo. Mwishoni cheti cha afya kinasainiwa na daktari wa serikali, na ukishakipata una siku kumi tu za kufika.

Kwa hiyo hesabu miezi minne, halafu ongeza mwezi wa homa ya kupe. Kliniki naipa nyota nne. Ukienda na mnyama aliyewahi kuvimba, wapigie wakupe nafasi ya saa mbili asubuhi, maana wakikuchanjia alasiri watafunga kabla saa tatu za kungoja hazijaisha. Na beba chakula chako. Kwa jirani yao kuna mandazi tu.