Kozi ya Kihispania hapa Dodoma: majina ya wanyama ya mtaani wanayajua hatari, fotokopi zao ndo majanga

Wakuu habari. Kuna watu wameniuliza pembeni kama ile kozi ya Kihispania ya jioni hapa Dodoma mjini, kule nyuma nyuma ya Nyerere Square, inalipa au ni kuchoma hela. Jina silitaji, sijalipwa na mtu kuandika hapa. Nasema nilichokiona basi.

Mimi natembeza wageni. Michoro ya miambani Kondoa mara nyingi, nikipata kundi lenye siku nyingi tunashuka mpaka Ruaha. Sasa wageni wa Amerika Kusini siku hizi wapo, na Kihispania cha kwenye simu kinakufundisha kuagiza kahawa na kuuliza stesheni ya treni iko wapi, yani kahawa ya nini mtu yuko porini anataka kujua yule ndege mwenye shingo kipara anaitwaje. Kozi za Arusha nimesikia zinafundisha orodha ya wanyama kama ya darasa la tatu, león, elefante, jirafa, cebra, basi umemaliza nenda kazini. Hawa wa Dodoma wana kipindi kizima wanakiita cha wanyama wa mtaani, na hicho ndo kimenifanya nikae mpaka mwisho.

Mwalimu alianza na kitu ambacho mpaka leo naona ndo ufunguo wa kila kitu. Tembo, twiga, pundamilia hawana shida kabisa, elefante ni elefante Madrid mpaka Buenos Aires, kwa sababu kote huko hakuna mwenye tembo nyumbani kwake, wote wamempata kitabuni na kitabu ni kimoja. Shida inaanza kwa mnyama anayeishi na watu. Nguruwe, mbwa, bata mzinga, mbu, tai wa jalalani, hao kila nchi imewapa jina lake na kila jina limeshageuka tusi au utani au jina la hela. Ukielewa hapo huogopi tena, unajua wapi pa kuwa makini.

Chukua tumbusi. Neno la kawaida ni buitre na kila mtu atakuelewa, ila Mmeksiko akimuona atasema zopilote, Mkolombia na Mperu gallinazo, Mvenezuela zamuro, Mchile jote. Afu hapo mwalimu akatupa nyongeza ambayo kwa muongoza watalii ni dhahabu, kwamba wale wa kwao sio ukoo mmoja na hawa wa kwetu, wanafanana kwa kazi na kipara tu, kwa hiyo mgeni akisema zopilote usimbishie na wala usiige, wewe baki na buitre yako mueleze tofauti, hapo anaona kweli huyu jamaa anajua kazi. Na jote kule Chile sio ndege peke yake, ni mwanaume anayezungukazunguka wadada wa watu bila kualikwa, sisi huyo tunamuita fisi. Na tena jote ni kinywaji, mvinyo mwekundu umechanganywa na Coca-Cola, sasa fikiria unalisema hilo Dodoma kwenye zabibu zote hizi, darasa lilichangamka mpaka mlinzi akachungulia.

Simba na chui nao wana mambo. Wahispania walivyofika Amerika walikuta wanyama hawawajui wakawapa majina waliyoyajua, kwa hiyo puma mpaka leo mzee wa kijijini Chile anamwita león, na jaguar huko Venezuela, Kolombia, Paraguay anaitwa tigre. Mzee akikwambia kwao kuna simba wanakula kondoo usimcheke, hadanganyi. Jamhuri ya Dominika tigre akawa tíguere, mtoto wa mjini, mjanja wa kona zote. Tunao wengi tu hapa Sabasaba.

Sasa bata. Hapa nilicheka mpaka nikatoka nje. Kwetu kula bata ni raha, hela ipo, wikiendi imenoga. Chile ukisema ando pato, yani natembea bata, maana yake huna hata mia. Meksiko hacerse pato ni kujifanya hujui kitu na unakijua. Hispania pagar el pato ni kubebeshwa msala usio wako. Na Kuba, Puerto Rico, Venezuela, pato ni tusi kwa mashoga, kwa hiyo ukiwa bwawani na wageni wa huko sema neno lenyewe ukionyesha kidole kwa ndege, usianze utani wako wa kula bata ukadhani utaeleweka.

Na bata mzinga ndo usiseme. Asili yake huko Meksiko, wenyewe wanamwita guajolote, neno la Kinahuatl, wenyeji wa pale kabla ya Wahispania. Guatemala na majirani zake ni chompipe, Kuba guanajo, Kolombia pisco. Wahispania walimbeba kwao wakampa jina la tausi, pavo, tausi mwenyewe ikabidi aongezewe cheo akawa pavo real, tausi wa kifalme. Hispania leo pavo mtaani ni yuro, veinte pavos ni yuro ishirini, na Chile pavo ni mtu zuzu.

Hilo la hela ndo lilinikamata. Sisi buku ni elfu moja na buku ni panya, hakuna anayeshangaa. Ajentina na Chile gamba, ambayo Hispania ni kamba wa baharini, ni mia. Ajentina tena mosca, nzi, ni mapene. Na hacer una vaca, kufanya ng'ombe, nchi nyingi za huko ni kuchanga hela kila mtu anatoa chake mnanunua kitu. Mwalimu alitoa mfano wa Msalato Jumamosi mnadani, mko watano mnataka mguu wa mbuzi, mnafanya vaca mnakula mbuzi. Sentensi hiyo sitaisahau. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kigogo darasani, anafuga, akauliza kwa nini ng'ombe ndo awe mchango, mwalimu akamwambia mzee wewe ukitaka kuoza kijana wako unachangisha nini? Mzee akakaa kimya akatabasamu.

Njaa wanayo pia ya kimnyama. Ajentina ukisikia me pica el bagre, kambare ananichoma, mtu anataka kula, mpeleke hotelini haraka. Venezuela tengo ratón, nina panya, maana yake jana alikunywa sana, mpe supu. Na gallo pinto ya Kostarika na Nikaragua, jogoo wa madoadoa, mgeni akikwambia ameikumbuka usihangaike na kuku, ni wali na maharage, mama ntilie yeyote anayo.

Upande wa mpira waligusa kidogo ila waligusa vizuri. Mashabiki wa River Plate, timu ya Ajentina, wanaitwa gallinas, makuku, tangu fainali ya Libertadores, kombe la vilabu vya Amerika Kusini, ya 1966 walipoongoza mbili bila dhidi ya Peñarol ya Urugwai wakaishia kufungwa nne mbili, na mechi iliyofuata mashabiki wa Banfield wakamtupa kuku uwanjani. Mtu wa Yanga anayeitwa chura kila siku anaelewa bila kuelezwa. Kulikuwa pia na mchezaji wa Ajentina anaitwa El Piojo, chawa, Claudio López, na kwao jina hilo ni la mapenzi tu, sio kama chawa wetu wa kusifia mabosi.

Haya sasa lawama. Fotokopi zao mbovu. Maneno yote yamemwagwa kwenye karatasi moja bila kuandikwa hili la nchi gani, mwalimu anasema kwa mdomo ila usipokuwepo siku hiyo umekwisha, na hapo ndo hatari ilipo. Mfano bicho. Hispania ni mdudu tu, mtoto mdogo anasema. Puerto Rico ni sehemu za siri za mwanaume, tena kwa lugha ya matusi. Kwenye karatasi imeandikwa bicho, mdudu, basi, nukta. Jamaa aliyekosa kipindi ataenda nayo porini hivyo hivyo amwambie bibi wa Kipuerto Riko kuna bicho kwenye bega lako. Au mono, nyani, sawa, ila Kolombia mono ni mtu mwenye nywele za rangi ya dhahabu, Ekuado watu wa milimani wanawaita hivyo watu wa pwani, na Hispania ni kitu kizuri cha kupendeza, Meksiko nyani ni chango. Na zorro dume ni mjanja anasifiwa, zorra jike ni malaya, kwa hiyo ukimuona mbweha sema tu ni zorro usianze kuchunguza jinsia yake mbele ya wageni. Hivi vitu viandikwe, sio gharama kubwa, ni safu moja ya ziada kwenye karatasi.

Kingine spika yao inakoroma, sauti za Wachile zenyewe zinameza herufi, ukijumlisha na spika ile unaambulia upepo. Na wanachelewa kuanza. Ada elfu sitini kwa mwezi jioni tatu kwa wiki naona sio ghali kwa kinachofundishwa, ila kwa fotokopi zile wangepunguza.

Kuna siku alituchanganyia Kiarabu nikaona hii sasa ni bonasi. Nge kwao ni alacrán, kutoka Kiarabu, sisi kwenye nyota tunasema akrabu. Nguruwe pori ni jabalí, yani wa mlimani, na sisi jabali ni mwamba, Dodoma tumezungukwa nayo. Marrano, nguruwe, wataalamu wengi wanalitoa kwenye neno lile lile lililotupa haramu. Mtu wa kitimoto na mtu wa msikitini wote walikuwa wamekaa benchi moja, wakaangaliana.

Kwa mtu anayetaka mtihani na cheti, hapana, nenda kwingine, hapa sarufi wanaikimbia na vitenzi vya wakati uliopita nimeishia kujifundisha mwenyewe. Kwa dereva, muongoza watalii, mtu wa gesti na mpishi wa kambi, nenda. Kamusi ya Akademia ya Kihispania ipo bure mtandaoni na inaonyesha neno lipi la nchi ipi, fungua kwenye simu ukiwa darasani andika mwenyewe pembeni ya fotokopi. Na kaa mbele, kwa sababu ya ile spika.