Wi-Fi ya kaunti sokoni: mistari imejaa, intaneti hakuna

Nyota moja, na hiyo naupa waya. Wi-Fi ya bure ambayo kaunti yetu imetundika pale sokoni inaonyesha mistari yote imejaa. Unabonyeza, simu inaandika "Inapata anwani ya IP" (namba ambayo kila simu lazima ipewe ndipo iingie mtandaoni), inazungukazunguka, kisha inakutema. Soko likishachangamka asubuhi, ni hivyo mpaka jioni.

Wala shida si kasi. Anayefika kabla ya lori za mboga anaingia mara moja na video haikwami. Ukishaingia, fungua laptop ya Windows, kwenye dirisha la amri (Command Prompt) uandike ipconfig /all: utaona 255.255.255.0, yaani namba inayoonyesha ukubwa wa mtandao, na anwani uliyopewa muda wake unaisha baada ya saa 24. Maana yake soko zima lina anwani 254, rauta yenyewe ikila moja. Kila simu inayopita kuelekea steji, iliyowahi kuunganishwa hata siku moja, inajiunga yenyewe mfukoni na kuondoka na anwani hadi kesho. Mwenyewe hana habari.

Dawa yake haihitaji tenda wala ngazi. Punguza muda wa anwani uwe dakika 30, panua mtandao uwe /22 (mara nne ya huu wa sasa) upate anwani 1,022, basi. Nilimweleza afisa anayehusika. Hata macho hakuyainua kwenye simu yake: "Mama, hii ni ya bure. Kama haikufai, nunua bando."

Bure gani? Ushuru wa meza unakusanywa kila siku, mvua inyeshe isinyeshe!

Kwa jibu lile, kaunti iachane kabisa na intaneti, ibaki na mitaro na takataka. Vijana wanaouza Wi-Fi ya vocha mitaani hawawezi kulala anwani zikiwa zimejaa, maana mteja asipoingia vocha haiuziki. Lakini hao hao hawajavuta waya hadi sokoni, na kampuni kubwa ndizo kabisa. Halafu kuna Chattanooga, Marekani, panapoonyesha kwamba hata shirika la umma linaweza: EPB, shirika la umeme la mji, lilianza kuuza intaneti ya kasi ya gigabiti moja kwa sekunde mwaka 2010, na kampuni binafsi zipo hapo hapo. Kule mteja analipa, kwa hiyo ana wa kumdai. Afadhali basi kaunti itoze shilingi kumi kwa siku. Au isitoze, kumi ya muuza sukuma wiki ni kumi. Iajiri tu mtu anayejua kazi.

Kwa sasa, usijaribu kujiandikia anwani kwa mkono: utagongana na mwenye nayo na nyote wawili mtakatikakatika. Fika mapema, uungane, na kesho urudi kabla ya saa ile ile. Anwani itakuwa bado yako. Ndiyo, unamnyima mwingine. Akilalamika, mwelekezeni kwa afisa.