Kirk Repoussé ya Baltimore: uma na vijiko chukua, visu vikague kwanza

Samuel Kirk alifungua duka lake la usonara Baltimore, jimbo la Maryland, Marekani, mwaka 1815, na nakshi ya maua iitwayo Repoussé akaileta 1828. Mwanawe Henry alipoingia 1846, muhuri ukawa S. Kirk & Son. Mwaka 1979 kampuni ikaunganishwa na Stieff, watani wake wa mjini humohumo, na kiwanda kikafungwa 1999. Kwa hiyo seti ya uma, vijiko na visu vya fedha inayofaa kutafutwa leo ni iliyokwishatumika, na hapo ndipo kazi ilipo.

Anza na muhuri, nyuma ya mpini. Sheria ya Maryland ya 1814 iliwalazimisha masonara wa Baltimore kupeleka fedha ipimwe, na kiwango kilikuwa wakia 11 za fedha safi katika kila 12. Ulazima huo uliondolewa 1830, lakini Kirk aliendelea kugonga “11oz”. Ukiiona, jua ni sehemu 917 kwa 1000, chini kidogo tu ya sterling, kiwango cha kawaida cha fedha bora, ambacho ni 925. “10.15”, yaani wakia 10 na sehemu 15 kati ya 20 za wakia, iko chini zaidi, karibu 896. Vipande vya baadaye vina “925/1000” au neno “Sterling”. Sumaku haitakusaidia, kwa sababu shaba, au mchanganyiko wa shaba na nikeli, iliyopakwa fedha juu nayo hainaswi.

Kisha tazama maua yenyewe. Kwenye birika na bakuli, fundi alijaza lami ili chombo kisibonyee, akafua nakshi kwa patasi ndogo na nyundo. Uma na vijiko hugongwa kwa kalibu ya chuma, kwa hiyo ukali wa petali ndio kipimo. Petali zikiwa laini kama sabuni iliyotumika, kipande kimesuguliwa miaka mingi na hakitarudi. Pitisha kidole mahali pa herufi za jina: pakiwa na bonde, herufi zilifutwa na mpini umepungua unene. Usichanganye na Stieff Rose ya 1892. Zinafanana sana, ila ukitaka kukamilisha seti, utajuta.

Uma na vijiko ni vizito, ni fedha hadi ndani, na vinastahili bei ya juu. Visu ni habari nyingine. Mpini wake ni maganda mawili membamba yaliyolehemiwa, ndani mna saruji au lami inayoshika mkia wa bapa. Maji ya moto sana huilainisha au kuivimbisha, mshono hupasuka, bapa huanza kucheza. Kwa hiyo kitikise karibu na sikio, kikilia, kiache. Na muuzaji anayekupimia visu kwa gramu, bapa likiwemo, anakuuzia chuma kwa bei ya fedha.

Usafi una mtego wake. Watu hutandaza foili ya alumini, wakamwaga maji ya moto na magadi ya kuokea. Weusi hutoka kweli, lakini hutoka hadi kwenye mifereji ya nakshi, na maua hubaki bapa, meupe, hayana kina. Kwa Repoussé tumia krimu ya kusafishia fedha na brashi laini ya manyoya, suuza kwa maji ya uvuguvugu kabla krimu haijakauka petalini, kausha papo hapo. Mashine ya kuoshea vyombo ni marufuku, hasa kwa visu. Chumvi hutoboa vishimo, yai hutia weusi ndani ya muda mfupi, basi osha mara mezani panapoondolewa. Na usivifunge kwa mpira, hata kama ndivyo muuzaji alivyovituma: salfa ya mpira huacha mstari mweusi hata kupitia kitambaa.